Mbwa wako ametoka akagongwa na gari: mmalizane, mwende kwa bima, au mahakamani?

Mbwa akigongwa, watu hukusanyika na hukumu hutolewa papo hapo: dereva alipe, kwa kuwa yeye ndiye mwenye gari na mbwa ndiye aliyelala kwenye lami. Nchini Kenya sheria haianzii hapo. Mbwa aliyetoka peke yake, bila kamba wala mtu wa kumshika, mara nyingi humfanya mwenyewe kuwa mdaiwa. Bampa iliyovunjika, redieta iliyotoboka, hata mwendesha bodaboda aliyeanguka akimkwepa, yote yanaweza kubisha hodi kwake. Ni jambo chungu kuambiwa ukiwa bado umempakata mnyama wako, na ndiyo maana ni heri kulijua mapema.

Njia za kulimaliza jambo hili ni tatu: mwenye mbwa na dereva kukubaliana wenyewe, kupitia bima, au kwenda Mahakama ya Madai Madogo. Watu huzichukulia kama milango mitatu iliyo wazi muda wote, kwamba hii ikishindikana unajaribu ile. Sivyo. Sahihi uliyotia kando ya barabara inaweza kukufungia bima, na neno "nitalipa" ulilolitamka kwa huruma linaweza kurudi kama ushahidi. Kwa hiyo inafaa kuzipima kabla ya kugusa yoyote.

Kwanza, lawama iko wapi?

Kisheria mbwa ni mali ya mtu. Anayeumia mbwa wake anaweza kudai gharama za daktari wa mifugo au thamani ya mnyama, lakini uchungu wa moyo haulipwi. Na kesi yenyewe huamuliwa kwa kanuni za uzembe, zikielekezwa pande zote mbili. Mwenye mbwa huulizwa: geti lilikuwa na kufuli? Ua lina tundu ambalo mbwa hupitia kila siku? Ulimtoa matembezi bila kamba? Dereva naye huulizwa: mwendo ulikuwa upi kwenye barabara ya mtaa? Ulimwona mbwa kwa umbali gani? Taa zilikuwa zinawaka? Mahakama ikiona wote wamekosea, hugawa lawama kwa asilimia na kupunguza fidia ya kila mmoja kwa kiasi cha kosa lake.

Kuna jambo moja la kihistoria ambalo wakili wa mwenye mbwa anaweza kulileta. Sheria ya Mahakama ya Kenya, Sura ya 8, ilipokea kanuni za kawaida za Uingereza (common law, yaani sheria inayotokana na maamuzi ya majaji) kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri zinavyofaa hali ya hapa. Mwaka 1947, katika kesi ya Searle dhidi ya Wallbank, Baraza la Malodi la Uingereza, mahakama ya juu kabisa ya huko wakati huo, lilithibitisha kanuni ya zamani kwamba mwenye ardhi iliyo kando ya barabara halazimiki kwa jumla kuzuia wanyama wake wa kufugwa wasitokee barabarani. Waingereza wenyewe waliifuta kanuni hiyo kwa Sheria ya Wanyama ya 1971, sheria ambayo si ya Kenya. Kwa hiyo hoja ipo, lakini singemshauri mtu aiegemee. Ilizaliwa katika nchi ya mashamba na farasi, na haifanani na mitaa ya Ruiru au Bamburi ambako geti na lami vinatenganishwa na hatua chache. Tena haikuwahi kumlinda kila mtu. Kesi ya Gomberg dhidi ya Smith, iliyochapishwa kwenye ripoti za 1963, ilimtwika lawama mwenye mbwa aliyetoka naye barabarani bila kumdhibiti. Na aliyejua kwamba mbwa wake ana tabia ya hatari hana pa kujificha. Kama mtaa mzima unajua kwamba mbwa wako Simba hukimbiza kila pikipiki inayopita, majirani hao ndio watakaokuwa mashahidi wa upande wa pili.

Kisha kuna kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa, mikononi mwa serikali za kaunti. Kukosa leseni hakuthibitishi peke yake kwamba wewe ndiye uliyesababisha ajali, lakini humpa dereva jambo la kuonyesha kwamba hukuwa mfugaji makini. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa hufanya kazi iliyo kinyume: ni ushahidi wako wa bei nafuu kabisa.

Njia tatu kwa mkupuo

| | Kukubaliana | Bima | Mahakama ya Madai Madogo |
|---|---|---|---|
| Inafaa lini | Hasara ndogo, ya mali pekee | Hasara kubwa, au mtu ameumia | Mnabishana nani mkosaji, na dai halizidi shilingi milioni 1 |
| Muda | Siku moja hadi wiki | Wiki hadi miezi | Sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60 |
| Unachohitaji | Maandishi, mashahidi, risiti | Abstrakti ya polisi (hati ya polisi inayothibitisha ajali), picha, ripoti ya asesa (mkadiriaji wa hasara) | Vyote hivyo, na mashahidi |
| Hatari yake | Kulipa zaidi ya kosa lako, au kumlipa mtu asiye na haki ya kudai | Barua ya mdai kukujia miezi baadaye | Dai lako kuamsha dai kubwa kuliko lako |

Kukubaliana wenyewe

Hii ndiyo njia ninayoipenda kwa taa iliyopasuka na mguu wa mbwa uliovunjika, na Katiba yenyewe katika ibara ya 159 inahimiza mapatano nje ya mahakama. Majirani wanaotumia barabara moja kila asubuhi wana sababu nyingine kubwa ya kuichagua: mtaonana kesho. Mzee wa mtaa au chifu anaweza kuketi kati yenu, na mara nyingi uwepo wake hupoza sauti ambazo zingeishia kituoni.

Lakini ni njia inayoharibika kwa urahisi kuliko zote, na huharibikia mahali palepale patatu.

Pa kwanza ni kumlipa mtu asiyestahili. Aliyeshika usukani si lazima awe mwenye gari. Dereva wa matatu, dereva wa kampuni, kijana aliyeazimwa gari la mjomba: ukimlipa huyo bila idhini ya mwenye gari, mwenyewe anaweza kukujia baadaye na dai lilelile. Uliza gari ni la nani, mpigie simu huyo mwenyewe, na jina lake liingie kwenye maandishi.

Pa pili ni kulipa kwa makisio. Bampa unaiona, redieta inayovuja huioni. Dereva aliyepokea shilingi elfu kumi jioni hurudi asubuhi akisema gari limechemka njiani. Ni afadhali gari likaguliwe na fundi ambaye nyote mmemkubali, hata ikiwa itawalazimu kungoja hadi kesho yake, kuliko kupatana mara mbili.

Pa tatu ni umati. Kundi la watu wenye hasira likikuzunguka na kukulazimisha utume pesa kwa M-Pesa hapo hapo, hayo si mapatano. Toa jina lako, namba ya simu na unapokaa, kisha sema mtazungumza kituo cha polisi. Hakuna sheria inayokutaka ulipe kabla jua halijazama.

Maandishi yenyewe hayahitaji lugha ya wakili. Yataje majina na namba za vitambulisho, namba ya gari, mahali, tarehe na saa, kilichoharibika, kiasi kilicholipwa na namba ya muamala wa M-Pesa, na sentensi inayosema malipo hayo ni kamili na ya mwisho kwa uharibifu wa mali uliotokana na ajali hiyo. Mashahidi wawili watie sahihi. Kama unalipa kwa utu bila kukubali kosa, andika hivyo hivyo: ninalipa ili kumaliza jambo, bila kukiri lawama. Na msiguse majeraha ya mtu kwenye karatasi hiyo. Abiria anayesema "niko sawa" saa moja baada ya ajali anaweza kuamka kesho asiweze kugeuza shingo.

Bima: kuna tatu, na kila moja huenda upande wake

Wengi husema "bima italipa" bila kuuliza ya nani.

Ya kwanza ni bima ya lazima ya mtu wa tatu, ambayo kila gari barabarani linatakiwa kuwa nayo chini ya Sura ya 405 ya Sheria za Kenya. Sheria hiyo inalazimisha kinga ya kifo na majeraha ya watu, na fidia ambayo kampuni inalazimika kulipa ina kikomo cha shilingi milioni 3. Mbwa si mtu. Mkataba wa dereva unaweza kuongeza kinga ya mali za watu wengine, na mingi huongeza, lakini hata hapo kampuni haitalipa bili ya daktari wa mifugo mpaka ionekane dereva ndiye mkosaji. Ukiwa mwenye mbwa, usiweke matumaini yako hapa kama geti lako ndilo lililokuwa wazi.

Ya pili ni bima kamili ya gari, ile ya komprehensivu. Hii humtengenezea dereva gari lake bila kungoja kujua nani mkosaji. Yeye hubeba eksesi, yaani sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye bima hujilipia, na anaweza kupoteza punguzo alilopewa kwa kutodai. Ndiyo maana hasara ikikaribia kiasi cha eksesi, dereva mwenye akili hukubali mzungumze.

Wenye mbwa wengi hupumua wakisikia dereva ana bima kamili, na hapo ndipo wanapojidanganya. Kampuni ikishalipa fundi, huvaa viatu vya mteja wake na kupata haki ya kumdai aliyesababisha hasara. Barua ya wakili inaweza kukufikia miezi mingi baadaye, wakati mbwa amepona na mashahidi wamehama. Madai ya uzembe yana muda wa miaka 3 tangu siku ya tukio. Hifadhi picha, namba za simu za mashahidi na risiti za daktari kwa muda huo wote, hata kama kila mtu amekuambia jambo limekwisha.

Hapa pia ndipo njia zinapofungana. Dereva akikusainia kwamba amelipwa kikamilifu, kisha akaenda kudai kwa kampuni yake, amekwishaiharibia kampuni haki ya kukudai, nayo inaweza kukataa kumlipa. Kwa hiyo kabla ya kusaini chochote mwulize wazi: unakwenda kwa bima au tunamaliza hapa? Yote mawili hayawezekani kwa hasara ileile.

Ya tatu ndiyo inayosahauliwa: bima ya nyumba ya mwenye mbwa, ambayo kampuni za Kenya huiuza kama kifurushi cha makazi. Ndani yake, mbali na moto na wizi, kuna sehemu ya dhima ya mkaaji na dhima binafsi, inayolipa watu wengine unapopatikana na kosa. Baadhi ya mikataba huwagusa mbwa na baadhi huwatenga, hasa wa ulinzi. Muulize wakala swali moja, na akujibu kwa maandishi: mbwa wangu akitoka nje ya geti akasababisha ajali barabarani, mnalipa? Kama jibu ni ndiyo, basi hii ndiyo kinga ninayoiona ya maana kuliko zote kwa mtu aishiye kando ya barabara yenye pikipiki. Sharti lake ni kwamba usikiri kosa wala kuahidi malipo kabla ya kuijulisha kampuni. Ukimpa mtu mkono na kumwahidi pesa, umewapa sababu ya kujitoa.

Kwa bima zote, abstrakti ya polisi ndiyo ufunguo. Ajali iripotiwe ndani ya saa 24, na usimwachie dereva kazi ya kuripoti peke yake. Maelezo yako yaingie kwenye kitabu yakiwa ya kwako.

Mahakama ya Madai Madogo

Ilianzishwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021, kisha ikaenea katika miji mingine. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya uharibifu wa mali, na kesi inatakiwa kusikizwa mfululizo na kukatwa ndani ya siku 60. Kiswahili kinakubalika, unaweza kujisimamia mwenyewe, na mwamuzi hafungwi na kanuni kali za ushahidi. Rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria tu, kwa hiyo ukweli unaouthibitisha au kushindwa kuuthibitisha hapo ndio utakaobaki.

Kwa watu waliokwama kwenye ubishi wa nani mkosaji, ni chombo kizuri, na naona kinatumika kidogo mno kwa migogoro ya majirani. Ila piga hesabu kwanza. Tuseme daktari wa mifugo amekutoza shilingi 20,000 na gari la dereva limegharimu 50,000. Wewe unashtaki kudai 20,000 zako. Dereva, ambaye pengine angenyamaza, anajibu kwa dai la kupinga la 50,000. Mahakama inagawa lawama: wewe asilimia 70 kwa geti lililokuwa wazi, yeye 30 kwa mwendo. Unapata 6,000, unadaiwa 35,000. Umeingia ukidai, umetoka ukilipa 29,000.

Geuza sasa: mbwa alikuwa kwenye kamba, ukingoni mwa barabara, na gari likapanda ukingo. Lawama ikiwa yote ya dereva, unapata 20,000 zako na yeye habebi chochote kutoka kwako. Kesi ya namna hiyo nenda nayo bila woga, uwe na picha za mahali, ripoti ya daktari inayoeleza majeraha, risiti zilizolipwa, na rekodi ya kamera ya geti la jirani kama ipo. Rekodi hizo hufutwa baada ya muda mfupi, kwa hiyo iombe siku hiyo hiyo.

Ningechagua hivi

Mtu akiumia, hata kidogo, sahau mapatano ya barabarani. Mwendesha bodaboda aliyevunjika mkono ana dai linaloweza kukua: hospitali, kazi aliyokosa, ulemavu unaobaki. Mpeleke hospitali, lipia matibabu ya haraka kama una uwezo kwa sababu ni mwanadamu mwenzako, ripoti polisi, ijulishe bima yako ya nyumba kama unayo, na utafute wakili. Usisaini na usimsainishe.

Hasara ikiwa ya mali tu na geti lako ndilo lililoachwa wazi, kubaliana haraka na kwa maandishi. Una zaidi ya kupoteza mahakamani, na dereva aliyetendewa kwa heshima huwa na bei ya chini kuliko aliyeletewa ukali.

Lawama ikiwa kweli ni ya nusu kwa nusu, pendekeza kila mtu abebe mzigo wake: yeye gari, wewe mbwa. Kwa magari mengi ya kawaida hiyo ni nafuu kwa mwenye mbwa. Andikeni tu kwamba kila upande umeacha madai yake.

Dereva akikimbia, usiache kwa kudhani hakuna la kufanya. Namba ya gari ikipatikana, polisi wanaweza kumfikia mwenye gari, na wewe mwenyewe unaweza kutafuta jina la mmiliki kwenye kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa ada ndogo. Kukimbia hakumfanyi kuwa mkosaji wa ajali moja kwa moja, lakini mahakama itataka kusikia sababu.

Na katika saa ile ya kwanza, kabla ya hoja zozote, mtunze mbwa kwa akili. Mnyama mwenye maumivu humuuma hata aliyemlea. Mfunge mdomo kwa kitambaa laini ikiwa anapumua vizuri, msogeze akiwa juu ya ubao au shuka iliyokazwa, na mwombe mtu mwingine asimamishe magari. Akikung'ata wewe, dereva au mpita njia, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha moja kwa moja hospitali kuuliza chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama cheti cha mbwa kiko nyumbani. Kung'atwa huko nako ni dai jipya, tofauti na la gari, na likiandikwa kwenye maelezo ya polisi siku hiyo hiyo halitachanganywa na la kwanza.